Wawira Yule Mwingine

Ndugu zangu wazazi, na nyinyi walimu mnaoamka mapema kwa ajili ya watoto wetu, nipeni masikio kidogo. Haya ninayowasimulia yalitokea hapa hapa Embu, katika mtaa wa Dallas, kwenye nyumba ambayo mlango wake unatazamana na wangu. Mama wa nyumba hiyo ameniruhusu niyaseme. Aliniambia, "Yaseme tu, jirani. Labda kuna mwenzangu anafanya nilivyofanya na hajui."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, wakati wa baridi. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani ukalala juu ya mabati ya mtaa wote, na sauti za nje zilitufikia kwa mbali, kana kwamba watu wanaongea huku wamefunikwa blanketi. Nilikuwa nimeingia kwa Angeline, ndiye mama huyo, kuomba kiberiti. Binti yake Maxine, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miaka sita, alikuwa amepiga magoti juu ya kiti kando ya dirisha, akichora kwa kidole kwenye kioo kilichojaa mvuke. Alichora duara, duara likaanza kutiririka.

"Huyu ni kuku," alituambia. "Analia kwa sababu mayai yake yameenda shule."

Angeline alicheka mpaka chai ikamwagika nje ya kikombe. Nami nilicheka. Nyumba ilinuka tangawizi na maziwa, na nilipenda kukaa humo.

Kisha simu ikalia mezani, ikalia tena, ikaendelea kulia. Kilikuwa kile kikundi cha WhatsApp cha wazazi wa Gredi ya Kwanza. Mzazi mmoja alikuwa ametuma picha ya daftari la mwanawe, herufi zimekaa juu ya mstari kama zimechapwa. Chini yake pongezi zilikuwa zikimiminika. Mzazi wa pili akatuma la kwake, na wa tatu. Nilimwona Angeline akisoma, na ule uso uliokuwa ukicheka ukaondoka polepole.

"Maxine," alisema, "toka hapo dirishani. Lete daftari."

Nilichukua kiberiti changu nikarudi kwangu. Yaliyofuata aliniambia mwenyewe baadaye.

Kabla sijaendelea, mjue habari ya majina. Mtoto huyu alibatizwa Maxine, na kama ilivyo desturi yetu akapewa pia jina la nyanya yake mzaa baba, Wawira, ambaye shamba lake liko Kanja. Nyumbani aliitwa Maxine tu. Wawira lilikuwa jina la kuandikwa juu ya daftari. Baba yake, Njiru, alifanya kazi ya ulinzi huko Uarabuni, na alikuwa ameondoka mtoto akiwa bado anajifunza kusema. Alikuwa akimpenda kupitia simu, kwa sauti na kwa picha. Na kwa kuwa lilikuwa jina la mama yake, yeye peke yake ndiye aliyependa kusema "Wawira wangu".

Asubuhi ile Angeline alimkalisha mtoto mezani. Maxine alishika penseli kwa ngumi nzima, kama mtu anayeshika mwiko wa kusongea ugali. Herufi a ilipanda mlima, b ikaanguka, c ikageuka ikatazama nyuma. Mama akafuta. Mtoto akaandika tena, mama akafuta tena, mpaka karatasi ikatoboka. Ndipo Angeline alipouweka mkono wake juu ya mkono wa mtoto na kuusukuma. Siku chache baadaye aliona kusukuma kunachelewesha, akachukua penseli mwenyewe. Aliandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko ufanane na wa mtoto, lakini wa mtoto hodari. Akapiga picha, akaituma kwenye kikundi, kisha akamtumia Njiru.

Maxine alikuwa amesimama kando ya meza akitazama. Akauliza, "Mama, hii ni kazi ya nani?"

"Si unaona jina hapo juu?" Angeline alimjibu bila kuinua macho. "Ni ya Wawira."

Jioni Njiru alipiga simu. Sauti yake ilijaa chumba. "Nimemwonyesha kila mtu hapa," alisema. "Wanasema mtoto wa Gredi ya Kwanza hawezi kuandika hivi. Mwambie Wawira wangu Baba anampenda sana."

Ndugu msomaji, mtoto wa miaka sita hafikirii kama wewe na mimi. Yeye husikia maneno na kuyajengea nyumba. Maxine alijua kwamba yeye hajaandika. Alijua kwamba Wawira ameandika, na kwamba Baba anampenda Wawira. Basi akaelewa kuwa kuna msichana mwingine.

Mwanzoni hakumwogopa. Alikuwa akimwachia kipande cha mkate pembeni mwa sahani. Alilala upande mmoja wa kitanda ili mwenzake apate nafasi. Siku moja nilimkuta kwenye ngazi akizungumza peke yake, nikamuuliza anaongea na nani.

"Na Wawira," alisema. "Lakini hajibu. Ako na kazi mingi ya kuandika."

Nilidhani ni mchezo wa watoto, nikapita zangu.

Shuleni hali ilikuwa tofauti. Mwalimu wake, Mwalimu Alice, alikuwa amefundisha watoto wadogo kwa muda mrefu. Aliona kuwa daftari la nyumbani linang'aa, ilhali darasani mtoto huyo huyo anaficha mikono chini ya dawati kila penseli zinapogawanywa. Akamwita Angeline.

"Mama Maxine," alimwambia, "sikuiti nikulaumu. Nataka tu uache afanye mwenyewe."

"Kwani anafanyiwa na nani?" Angeline alijibu.

Mwalimu hakubishana naye. "Hajachelewa," alisema. "Vidole vyake bado havijapata nguvu, basi. Mpe unga akande. Mpe maharagwe achambue. Akichora, muulize amechora nini, na umsikilize. Vidole vikikomaa, na akiwa na kitu anachotaka kusema, mwandiko utakuja. Uwe mbaya usiwe mbaya, uwe wake."

"Sikumleta shule ajifunze kuchambua maharagwe," Angeline alisema, akabeba mkoba wake. Njia nzima alikuwa akijiambia kwamba mwalimu yule anawapendelea watoto wa wenzake. Jioni ile aliandika ukurasa mzima, mzuri kuliko zote, na kikundi kikamsifu.

Njiru alikuja likizo mwezi wa nane. Wakaamua kumpokea nyumbani kwao Kanja, kwa mama yake, naye Angeline akanialika. Mnajua Kanja ilivyo mwezi wa nane. Majani ya chai yanashuka mteremko baada ya mteremko, na ukungu unapanda kutoka mtoni kukutana nayo, hata huwezi kujua shamba linaishia wapi na mawingu yanaanzia wapi. Watu wa kanisa walikuja na majirani wakaja. Nyama ilichemka, sufuria ya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, ikafunikwa kwa majani ya ndizi.

Njiru alimbeba binti yake begani, naye Maxine alimshika kichwa kwa mikono miwili, macho ameyafumba. Nadhani ulikuwa wakati wake wa furaha kuliko nyakati zote. Kisha watu walipokwisha kuketi, Njiru alitoa zawadi aliyokuja nayo, ubao mdogo mweupe na kalamu za rangi, akausimamisha juu ya kiti.

"Sasa," aliwaambia wageni, "mtamwona huyu ninayewaambia kila siku. Wawira, njoo uwaandikie watu jina lako."

Maxine alisimama mbele ya ubao. Alimtazama baba yake, akatazama kila upande, kama anayetafuta mtu katika umati.

"Baba," alisema kwa upole, "mimi ni Maxine. Wawira hajakuja."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Njiru naye akacheka, akamtia kalamu mkononi. Mtoto aliishika kwa ngumi, akavuta mstari mmoja, mstari ukateremka, ukateremka, mpaka ukafika ukingoni mwa ubao na kalamu ikaanguka. Mzee mmoja akakohoa. Njiru aligeuka kumtazama mkewe.

"Anaona haya," Angeline alisema haraka. "Amechoka na safari. Nyumbani anaandika vizuri."

Maxine alilisikia hilo. Nilimwona akimtazama mama yake, akainamisha kichwa, kisha akaondoka taratibu kuelekea jikoni, mahali nyanya yake alipokuwa akipakua chakula. Na haya ndiyo mazungumzo yao, kama Cucu, ndivyo tunavyomwita nyanya, alivyotueleza.

"Cucu, wewe ndiye Wawira?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Wewe ndiye unaniandikia?"

Cucu alicheka. "Mimi na macho haya? Hata uzi siwezi kuingiza kwa sindano. Si mimi."

"Sasa Wawira mwingine ako wapi?"

Jikoni kulikuwa na moshi na haraka, na sahani zilikuwa zinangojewa. Cucu alijibu bila kufikiri. "Akina Wawira ni wengi Kanja hii. Kuna mmoja hapo chini, ng'ambo ya mto."

Maxine akatoka kwa mlango wa nyuma.

Hakuna aliyemwona akienda. Tulikula, tukaomba, tukaimba. Wakati wa kukata keki ndipo Njiru alipouliza mtoto yuko wapi. Tukatazama vyumbani, zizini, kwa jirani. Nje ukungu ulikuwa umefunga kabisa, mtu akisimama hatua chache mbele yako unamwona kama kivuli. Hapo ndipo Cucu alipokumbuka yale maswali, akaketi chini kwenye majivu akiwa ameshika kijiko.

Tulishuka shambani tukiwa tumetawanyika. Mimi nilikuwa nyuma ya Njiru na Angeline katika njia nyembamba ya wachuma chai. Njiru alikuwa akiita kwa nguvu, "Wawira! Wawira!" Ukungu ulimeza jina, na majani ya chai yakadondosha maji. Hakuna aliyejibu. Chini kabisa tulisikia mto.

"Kwa nini alisema yeye si Wawira?" Njiru aliuliza bila kugeuka.

Angeline alitembea kidogo, kisha akasimama, na mimi nikasimama nyuma yake.

"Ni mimi," alisema. "Zile kazi zote nimekuwa nikiandika mimi."

Njiru aligeuka. "Zote?"

"Zote."

"Hakuna hata moja yake?"

"Hakuna."

Nilitazamia atapiga kelele. Hakupiga. Alipangusa uso kwa kiganja, akaendelea kushuka, akaita tena, "Wawira! Wawira wangu!" na sauti yake sasa ilikuwa imepasuka.

Ndipo Angeline alipopiga mbio akamshika mkono. "Usimwite hivyo," alisema. "Njiru, nakuomba. Hilo si jina lake. Anafikiri unamtafuta yule mwingine. Mwite Maxine."

Njiru alimtazama kama mtu anayeamshwa usingizini. Kisha akaita, na mara hii hakuita kwa nguvu. "Maxine."

Na kutoka chini, karibu sana nasi, karibu kuliko tulivyodhani, sauti ndogo ikajibu, "Niko hapa."

Alikuwa ndani ya mto, mahali maji yanapozunguka mzizi wa mti. Alikuwa ameteleza akijaribu kuvuka. Maji yalimfika kiunoni na mikono yake miwili ilikuwa imeng'ang'ania mzizi ule, vidole vimegeuka rangi kwa baridi. Njiru aliingia na viatu na suti yake. Ilibidi avibandue vidole vile kimoja kimoja, kwa sababu vilikuwa vimekataa kufunguka.

"Tumekuita sana," alimwambia akimfunika kwa koti. "Mbona hukuitika?"

"Niliwasikia mkimwita Wawira," mtoto alisema huku meno yakigongana. "Nikafikiri mmempata. Nikawa nangojea mkimaliza na yeye."

Angeline aliketi pale pale kwenye matope. Hata leo nikikumbuka, sijui ni kitu gani kilikuwa baridi zaidi, ule mto au maneno yale.

Nimonia ilimlaza hospitali. Kuna siku hatukuthubutu kumuuliza daktari. Mama yake alikaa kando ya kitanda, na kila mtoto alipofumbua macho alimwambia jambo lile lile: "Wewe ndiye Maxine na wewe ndiye Wawira. Hakuna mwingine. Ni mimi nilidanganya." Sijui mtoto alielewa lini. Lakini siku moja alikula mkate wote, hakuacha kipande pembeni, na Angeline akatoka nje kwenye korido akalia.

Walipotoka hospitali Angeline aliandika kwenye kikundi cha wazazi. Aliandika kwamba kazi zote alizowahi kutuma zilikuwa zake, na kwamba mtoto wake bado hajui kuandika jina lake. Hakuna aliyempongeza wala kumcheka. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wazazi walianza kumtafuta pembeni. Mmoja alisema yeye ndiye hupaka rangi michoro ya mwanawe. Mwingine alisema mtoto wake hulia kila jioni na yeye humchapa mpaka mstari unyooke.

Kisha akaenda kwa Mwalimu Alice, na safari hii alikaa kwenye kile kiti kidogo cha watoto akasikiliza. Wakaanza upya. Penseli iliwekwa kabatini. Maxine alikanda unga wa chapati, akafinyanga udongo, akamenya njegere, akaanika soksi kwa vibanio, akachanachana magazeti ya zamani vipande vidogo. Mwalimu alimwagia mchanga kwenye sinia, wakachora kwa kidole herufi moja, wakatikisa, ikapotea, wakachora tena bila mtu kukasirika. Muda mrefu alikataa kabisa kushika kitu chochote cha kuandikia, na waliacha akatae.

Njiru alirudi kazini akiwa bado ana uchungu. Ulionekana kwenye simu, alizungumza maneno machache. Lakini alisema jambo moja ambalo Angeline alilishika. "Usinitumie tena kazi ya shule. Niambie tu leo amecheza nini." Na kila jioni akaambiwa, mpaka polepole maneno yake yakaanza kuongezeka.

Alasiri moja ya Jumapili nilikuwa nje nikichagua mchele. Maxine aliketi karibu nami kwenye sakafu ya saruji na kipande cha chaki ambacho sijui alikitoa wapi. Aliniambia nisitazame. Nikatazama mchele wangu. Nilisikia chaki ikikwaruza, ikisimama, ikikwaruza tena, na pumzi yake ikitoka kwa taabu kama mtu anayepanda mlima. Ilichukua muda mrefu sana.

"Sasa tazama," alisema.

Palikuwa na neno mama. Herufi moja ilikuwa imesimama juu chini, nyingine kubwa kama sufuria, na neno zima lilikuwa limepinda kufuata ufa wa saruji. Angeline alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo. Simu yake ilikuwa mfukoni, lakini hakuitoa. Hakusema ni zuri wala hakusema limepinda. Aliweka beseni chini, akaketi sakafuni kando ya binti yake, akauliza kama kuna chaki kidogo ya kumpa.

Maxine alivunja ile aliyokuwa nayo. Akabaki na kipande kikubwa, akampa mama yake kile kidogo.

"Wewe andika yako," alimwambia.

Funzo

Ndugu zangu, mtoto anayeanza kuandika hajaanza kutupatia picha za kujivunia. Ameanza kusema. Ukimnyang'anya penseli ili uandike vizuri zaidi yake, unamwambia kwamba anayependwa ni mtoto mwingine, na ataamini, kwa maana anakuamini wewe. Tuache vidole vikomae kwa unga, kwa udongo na kwa mchezo. Tuzipokee herufi zilizoanguka kama tulivyopokea hatua za kwanza za watoto wetu, ambapo hakuna aliyemcheka mtoto kwa kuyumba. Mwalimu akituita, tuketi na tumsikilize. Na sifa za majirani zisitufanye tuwapoteze watoto waliomo ndani ya nyumba zetu, maana si kila anayepotea tutamkuta mtoni akiwa bado ameshika mzizi.